Madai ya ardhi ya Waarmenia na ramani za kuchora upya mipaka ya Kaukazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Armenia, Azerbaijan au Uturuki zinapotajwa kwenye habari, ramani za "Armenia Kubwa" huanza kuzunguka kwenye simu. Nyingi hazina tarehe, na baadhi zimechanganya enzi mbili au tatu kwa rangi moja. Hapa tumejaribu kuzitenganisha.

Armenia inadai ardhi ya nani hasa?

Inategemea umemuuliza nani. Serikali ya Armenia, mjini Yerevan, haina dai rasmi la ardhi dhidi ya Uturuki, Georgia wala Azerbaijan. Waziri Mkuu Nikol Pashinyan amelifanya hilo kuwa sera: huzungumzia "Armenia Halisi", yaani zile kilomita za mraba 29,743 zinazotambuliwa kimataifa, na mara nyingi huonekana amevaa kwenye koti beji yenye umbo la ramani hiyo. Wapinzani wake humwita msaliti kwa sababu hiyo hiyo.

Chama cha Dashnaktsutyun, kilichoundwa Tiflis (Tbilisi ya leo) mwaka 1890, kina msimamo mwingine. Kinataka Armenia huru na iliyoungana, yenye ardhi ya mpaka aliouchora Rais Wilson wa Marekani mwaka 1920 (tutaufikia hapa chini) pamoja na Karabakh na Nakhchivan za Azerbaijan na Javakheti ya Georgia. Kina mizizi mirefu kwa Waarmenia wa ughaibuni, huko Lebanon, Ufaransa na Marekani, ambao wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya watu waliofukuzwa kutoka Uturuki ya leo. Kisha wapo warithi binafsi na Kanisa, ambao wanachodai ni mali: nyumba, shamba, makao ya watawa. Kwa hiyo ukisikia "Waarmenia wanadai", uliza ni Waarmenia wapi.

"Armenia ya Magharibi" ni wapi?

Ni mashariki ya Uturuki ya leo: Van, Bitlis, Muş, Erzurum, na kwa wengine Kars pia. Karne ya 19 wanadiplomasia walizoea kuzungumza juu ya "mikoa sita" ya Milki ya Osmani, dola iliyotangulia Uturuki ya leo: Erzurum, Van, Bitlis, Diyarbekir, Harput na Sivas.

Kwamba Waarmenia waliishi huko kwa karne nyingi halina ubishi wa maana. Nenda Ani, katika mkoa wa Kars. Ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Bagratuni tangu 961, ukaangukia mikononi mwa Waturuki Waseljuki mwaka 1064. Kanisa lake kuu lilijengwa na Trdat, fundi yule yule aliyeitwa Konstantinopoli kutengeneza kuba la Hagia Sophia baada ya tetemeko la 989. Kuta zake zinaishia kwenye korongo la mto Akhurian, na mto huo ndio mpaka. Mwarmenia akisimama ng'ambo anayaona magofu yote waziwazi, lakini hawezi kuvuka.

Ubishi unaanza kwenye idadi ya watu. Waarmenia hawakuwa peke yao pale: waliishi na Waturuki, Wakurdi, Waashuri na Wagiriki, na sehemu nyingi walikuwa wachache kuliko Waislamu kwa ujumla wao. Takwimu za Patriaki wa Kiarmenia na za serikali ya Osmani hazikukutana kamwe, kwa kuwa kila upande ulijua namba zile zingewekwa mezani siku ya kugawana ardhi.

Mkutano wa Berlin unaotajwa kwenye historia ya Waarmenia ndio ule uliogawa Afrika?

Hapana, huu ni wa 1878, miaka sita kabla ya ule. Ulifuata vita kati ya Urusi na Osmani. Urusi ikachukua Kars, Ardahan na Batum, na ibara ya 61 ya mkataba ikamtaka Sultani afanye mageuzi katika mikoa waliyoishi Waarmenia na kuwalinda. Mageuzi hayakufanyika. Kati ya 1894 na 1896 Waarmenia kwa makumi ya maelfu waliuawa chini ya Sultani Abdulhamid wa Pili. Mataifa makubwa yaliandika barua za kulalamika.

1915 inahusianaje na ardhi?

Inahusiana kwa kila kitu, kwa sababu baada yake ardhi ile haikuwa na Waarmenia tena. Usiku wa Aprili 24, 1915 serikali ya Osmani ilianza kuwakamata viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini Istanbul. Miezi iliyofuata jamii nzima zilihamishwa kwa nguvu kuelekea jangwa la Syria. Wengi waliuawa njiani au walikufa kwa njaa na maradhi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki sita na milioni moja na nusu. Wanahistoria wengi na nchi kadhaa, zikiwemo Ujerumani (2016) na Marekani (2021), wanayaita mauaji ya kimbari. Uturuki inakubali kwamba watu wengi walikufa, ila inalikataa jina hilo.

Sheria za "mali zilizoachwa" zilizotungwa wakati ule ndizo zilizohamisha nyumba, mashamba na maduka kwenda kwa serikali na kwa watu wengine. Hata jumba la Çankaya jijini Ankara, lililokaliwa na marais wa Uturuki kwa miongo mingi, lilianzia kwenye nyumba ya familia ya Kiarmenia.

Ile ramani kubwa inayofika Bahari Nyeusi ni ya nini?

Hiyo ndiyo ramani ya Wilson, na ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa sababu ina karatasi za kidiplomasia nyuma yake.

Armenia ilijitangazia uhuru Mei 28, 1918, katika upande uliokuwa wa Urusi, ikiwa imejaa wakimbizi wenye njaa. Mwaka uliofuata wajumbe wake walikwenda kwenye mkutano wa amani wa Paris. Kwa kweli walikwenda wajumbe wa aina mbili: Avetis Aharonian kwa niaba ya jamhuri, na Boghos Nubar kwa niaba ya Waarmenia wa Osmani na ughaibuni. Kwa pamoja waliomba nchi inayotoka Kaukazi hadi Bahari Nyeusi hadi Kilikia kwenye Mediteranea. Dola yenyewe wakati huo ilishindwa hata kulisha Yerevan.

Mataifa washindi yalitafuta wa kuilea nchi hiyo kwa utaratibu wa udhamini wa Shirika la Mataifa, ule ule ulioiweka Tanganyika chini ya Waingereza. Wakamtazama Mmarekani. Jenerali James Harbord alitumwa mwaka 1919 kuchunguza, akarudi na hesabu ya askari wapatao 59,000 na zaidi ya dola milioni 750 kwa miaka mitano. Juni 1, 1920 Seneti ya Marekani ikakataa kwa kura 52 dhidi ya 23.

Miezi miwili baadaye, Agosti 10, Mkataba wa Sèvres kati ya mataifa washindi na Osmani ukatiwa saini. Ibara ya 89 ilimwachia Rais Woodrow Wilson aamue mpaka kati ya Armenia na Uturuki ndani ya mikoa ya Erzurum, Van, Bitlis na Trabzon. Yaani mtu ambaye bunge lake limekataa kupeleka hata askari mmoja ndiye aliyeombwa kuchora mstari. Aliuchora kwa makini, na uamuzi wake wa Novemba 22, 1920 uliipa Armenia takriban kilomita za mraba laki moja, na bandari ya Trabzon humo.

Mbona haikutekelezwa?

Kwa sababu jeshi la Uturuki chini ya Jenerali Kâzım Karabekir lilikuwa limekwisha kuiteka Kars tangu Oktoba 30. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1920 Waarmenia walitia saini Mkataba wa Alexandropol wakiukana ule wa Sèvres, na hata hao waliotia saini serikali yao ilikuwa imewakabidhi Wabolsheviki (wakomunisti) madaraka siku hiyo hiyo. Nakala ya uamuzi wa Wilson ilifika Paris siku chache baadaye. Sèvres haukuwahi kuidhinishwa, na Mkataba wa Lausanne wa Julai 24, 1923, uliochukua nafasi yake, hauitaji Armenia popote.

Na Wakurdi, ardhi ile si yao pia?

Swali hili waandishi wa ramani hulikwepa. Sèvres yenyewe, ibara ya 62 hadi 64, iliwaahidi Wakurdi eneo la kujitawala kusini ya mpaka wa Armenia, na nje ya karatasi Van na Bitlis zilidaiwa na pande zote mbili. Wapo Wakurdi walioshiriki kuwaua Waarmenia mwaka 1915, na wapo waliowaficha. Mwaka 1927 Dashnaktsutyun kilisaidia kuundwa kwa chama cha Wakurdi cha Khoybun huko Lebanon, kilichokuwa nyuma ya uasi wa Ararat uliozimwa na Uturuki mwaka 1930. Leo sehemu kubwa ya eneo hilo wenyeji wake ni Wakurdi na Waturuki. Sijaona pendekezo hata moja la kurejesha mpaka wa Wilson linaloeleza watu hao watafanywa nini, na kwangu mimi hapo ndipo mapendekezo hayo yote yanapokwama.

Mkataba wa Kars bado unatumika?

Uturuki inasema ndiyo, na Armenia haijawahi kuukana rasmi. Mkataba wa Moscow wa Machi 16, 1921, kati ya Urusi ya Kibolsheviki na serikali ya Ankara, ndio uliopanga mambo; ule wa Kars wa Oktoba 13 uliwaleta Waarmenia, Wageorgia na Waazeri kutia saini kilichokwisha kuamuliwa. Kars, Ardahan na Surmalu zikabaki Uturuki. Batum ikaenda Georgia kwa sharti la kujitawala. Nakhchivan ikawekwa chini ya ulinzi wa Azerbaijan ingawa haipakani nayo, na kisiwa hicho cha nchi kavu ndicho chanzo cha mabishano ya ushoroba, yaani njia ya kukiunganisha na Azerbaijan, mpaka sasa.

Surmalu ndiko uliko mlima Ararat, mita 5,137. Ndiyo maana mlima ulio kwenye nembo ya taifa la Armenia uko Uturuki. Upande wa mashariki wa Ararat Mdogo ulikuwa wa Iran, mpaka Iran na Uturuki zilipobadilishana ardhi mwaka 1932.

Ni kweli Stalin alizidai ardhi hizo?

Kweli. Juni 1945 Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alimwambia balozi wa Uturuki, Selim Sarper, kwamba Wasovieti wanataka Kars na Ardahan zirudi. Waarmenia kutoka nchi mbalimbali, karibu laki moja, wakashawishiwa kuhamia Armenia ya Kisovieti kati ya 1946 na 1948, na baadhi wakaishia kupelekwa Siberia. Wageorgia nao walileta madai yao juu ya sehemu ya ardhi hiyo hiyo. Uturuki ikajiunga na NATO mwaka 1952, na Mei 1953, Stalin akiwa ameshakufa, Moscow ikatangaza kwamba haidai kitu.

Karabakh lilikuwa dai la kihistoria au haki ya watu kujiamulia?

Yote mawili, na ndiyo maana lilikuwa gumu. Julai 5, 1921 ofisi ya chama cha Kibolsheviki ya Kaukazi iliamua Karabakh ya Milimani ibaki Azerbaijan. Mwaka 1923 likawa jimbo lenye kujitawala kiasi. Tofauti na Van, hapa Waarmenia walikuwepo: kwenye sensa ya 1989 walikuwa zaidi ya robo tatu ya wakazi wa jimbo. Februari 20, 1988 baraza la jimbo liliomba kuhamishiwa Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia waliuawa mjini Sumgait. Watu wakaanza kukimbia pande zote mbili, Waazeri kutoka Armenia na Waarmenia kutoka Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, na kwingineko.

Vita vilipositishwa Mei 1994 Waarmenia walishika Karabakh na wilaya saba za kuizunguka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Zaidi ya Waazeri nusu milioni walikuwa wamepoteza makazi, na Baraza la Usalama lilikwisha kupitisha maazimio manne mwaka 1993 likitaka majeshi yaondoke kwenye wilaya hizo. Mji wa Aghdam ulibomolewa mpaka kwenye misingi ya nyumba. Awali wilaya zile zilielezwa kuwa dhamana ya usalama na kitu cha kujadiliana nacho. Miaka ilivyopita zikaanza kuitwa "maeneo yaliyokombolewa" na kuchorwa kwenye ramani za Yerevan kana kwamba ni zake tangu hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hoja ya wakazi kujiamulia ilipomezwa na hoja ya ardhi ya mababu, na Armenia ilikuja kulipa gharama yake.

Azerbaijan ilirudi na mafuta na silaha. Vita vya siku 44 mwaka 2020 viliirudishia wilaya zote saba, nyingine kwa mapigano na nyingine kwa makubaliano. Kuanzia Desemba 2022 barabara ya Lachin, iliyounganisha Karabakh na Armenia, ilifungwa. Septemba 19, 2023 jeshi la Azerbaijan lilishambulia, na ndani ya siku chache zaidi ya Waarmenia laki moja, karibu wote waliokuwepo, walipita barabara hiyo hiyo kwenda Armenia. Jamhuri waliyokuwa wameitangaza Karabakh ilifutwa rasmi Januari 1, 2024.

Hivi kubadilishana ardhi kuliwahi kupendekezwa?

Ndiyo, na kwa uzito. Mwaka 1992 Mmarekani Paul Goble, aliyewahi kufanya kazi katika wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, alipendekeza sehemu ya Karabakh iende Armenia, na Azerbaijan ipewe njia ya kupita Meghri, kusini kabisa mwa Armenia, kwenda Nakhchivan. Marais Robert Kocharyan na Heydar Aliyev walilijadili wazo la aina hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka mazungumzo ya Key West huko Florida, Aprili 2001. Lilikwama nyumbani kwa kila mmoja. Kwa Waarmenia, kutoa Meghri kulimaanisha kupoteza mpaka na Iran, na wakati Uturuki na Azerbaijan zimewafungia milango, Iran ilikuwa mmoja wa majirani wawili tu waliobaki. Kwa Waazeri, kuitoa Karabakh kwa saini kulikuwa sawa na kukubali kushindwa.

Azerbaijan nayo ina madai?

Inayo, na yanafanana na yale inayoyalalamikia. Rais Ilham Aliyev amesema mara nyingi kwamba Yerevan, Zangezur (Syunik) na eneo la ziwa Sevan ni ardhi ya kihistoria ya Waazeri, na Baku huita Armenia "Azerbaijan ya Magharibi". Jumuiya yenye jina hilo inadai waliofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980 warudi. Madai ya wakimbizi kurudi kwao yana msingi: Waazeri walikuwepo Armenia kwa vizazi na walifukuzwa. Ila serikali yenye jeshi lililoshinda juzi inapotaja mji mkuu wa jirani kuwa wake, jirani hawezi kulichukulia kama somo la historia. Wakati huo huo makaburi ya Waarmenia ya Julfa, Nakhchivan, yenye mawe ya misalaba ya kuchongwa kwa mamia, yalivunjwa na askari mwaka 2005 huku watu wakipiga picha kutoka upande wa Iran. Baku hukanusha.

Na Georgia?

Javakheti ina Waarmenia wengi, hasa Akhalkalaki na Ninotsminda. Yerevan haina hamu ya kugombana na Georgia, kwa kuwa mizigo yake mingi hupita huko.

Kwa nini Azerbaijan inataka katiba ya Armenia ibadilishwe?

Utangulizi wa katiba unataja Azimio la Uhuru la Agosti 23, 1990. Azimio hilo linarejea uamuzi wa Desemba 1989 wa kuiunganisha Armenia na Karabakh, na ibara yake ya 11 inaitaja "Armenia ya Magharibi" inapozungumzia kutambuliwa kwa mauaji ya 1915. Baku inasema hilo ni dai la ardhi lililofichwa, na haitatia saini mkataba wa mwisho wa amani mpaka liondoke. Pashinyan anasema katiba mpya inahitajika kwa sababu za ndani. Wapinzani wake wanaona anatekeleza agizo la jirani.

Je, mipaka bado inasogezwa?

Kwa mita, ndiyo. Aprili 2024 Armenia na Azerbaijan zilikubaliana kuweka nguzo katika mkoa wa Tavush kwa kufuata ramani za Kisovieti, na Mei Armenia ikarudisha vijiji vinne vya Waazeri ilivyovishika tangu miaka ya 1990, ambavyo havikuwa na wakazi. Tatizo lilikuwa kijiji cha Kirants, cha Armenia: mstari ulipita karibu mno, ukagusa barabara na nyumba kadhaa. Askofu Mkuu Bagrat Galstanyan aliongoza maandamano ya miguu hadi Yerevan. Bado kuna vipande kama Artsvashen, kijiji cha Armenia kilichoko ndani ya Azerbaijan na mikononi mwa Azerbaijan tangu 1992, na Karki, hali kama hiyo kwa kinyume chake.

Kisheria, mpaka wa Wilson unaweza kufufuliwa?

Wapo wanasheria wa Kiarmenia wanaosema uamuzi wa msuluhishi haufi hata mkataba uliomteua ukifa. Hoja hiyo haijapata serikali ya kuibeba. Sheria inayotawala inafahamika Afrika: mipaka mliyoikuta siku ya uhuru ndiyo inayobaki. OAU iliipitisha Cairo mwaka 1964, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa walioisimamia, huku Somalia na Morocco zikigoma. Jamhuri za Kisovieti zilifanya vivyo hivyo kwa Azimio la Almaty la Desemba 21, 1991, na hilo ndilo Armenia na Azerbaijan zinalolitaja leo.

Madai ya mali yana njia nyingine. Mwaka 2015 Kanisa la Kiarmenia la Kilikia, lenye makao Antelias, Lebanon, lilipeleka shauri kwenye Mahakama ya Katiba ya Uturuki likidai makao yake ya zamani ya Sis, kusini mwa Uturuki. Shauri la namna hiyo halihitaji kusogeza mpaka wowote.

Na hiyo "njia ya Trump"?

Agosti 8, 2025 jijini Washington Pashinyan na Aliyev walikubaliana mbele ya Rais Trump juu ya njia ya takriban kilomita 43 kupita Syunik, kuiunganisha Azerbaijan na Nakhchivan, na mawaziri wao wa mambo ya nje wakaweka saini za awali kwenye rasimu ya amani. Ni Meghri ile ile ya Goble, ila safari hii ardhi inabaki chini ya mamlaka ya Armenia. Enzi za Kisovieti treni ilipita hapo.

Mpaka wa Uturuki na Armenia utafunguliwa?

Uturuki iliufunga Aprili 1993 kwa kuiunga mkono Azerbaijan. Itifaki za Zürich za Oktoba 2009 zilitaka ufunguliwe, hazikuidhinishwa, na Armenia ikazifuta Machi 2018. Julai 2022 wajumbe wa pande mbili walikubaliana kuanza na raia wa nchi za tatu. Februari 2023, baada ya tetemeko kusini mwa Uturuki, malori matano ya misaada ya Armenia yalivuka daraja la Margara, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30, kisha likafungwa tena. Ndege za moja kwa moja kati ya Yerevan na Istanbul zilirejea mwaka 2022. Kwa barabara, tangu 1993 msafiri wa kawaida wa Yerevan anayekwenda Kars amekuwa akizungukia Georgia.